Mkeka wa Shangazi wa Bwana Harusi

Lesieli aliolewa akiwa amezungushiwa vitambaa vya magome ya miti na mikeka mpaka hakuweza kukunja goti. Ilikuwa Julai mwaka 1958, kijijini kwao Kolonga, kisiwani, naye alikuwa na miaka kumi na tisa. Shangazi zake wawili walimsimamisha katikati ya chumba tangu asubuhi, mmoja akizungusha, mwingine akikaza kamba, na kila alipodhani wamemaliza, kipande kingine kilitolewa. Walimpaka mafuta ya nazi yenye msandali mikononi na shingoni, na harufu ile ilikuwa nzito kiasi kwamba hata leo, akiisikia kanisani kwa bibi harusi mwingine, hunyoosha goti bila kujua.

Juu ya vyote ukaja mkeka mkuukuu wa majani ya mkadi. Ulikuwa laini kama kanga iliyofuliwa miaka mingi, rangi ya chai ya maziwa, na viraka vitatu, na tundu la kupitisha ngumi karibu na pindo.

"Huu ndio unaokuoza," shangazi yake mkubwa alimwambia. "Hayo mengine ni ya kujazia."

Alibebwa kwenda kanisani kama gunia la viazi vikuu. Sateki, bwana harusi, alikuwa hivyo hivyo, kafungwa hadi kwapani, jasho likimchuruzika. Watu walipokaa, yeye alibaki amesimama.

"Kaa, bwana!" mtu alimwambia kutoka nyuma.

"Sina pa kukunjikia," Sateki alijibu, na kanisa zima likacheka, mchungaji naye akajificha nyuma ya kitabu chake. Wajomba zake wawili wakamsukuma mabega, akaenda chini kwa kishindo.

Alasiri, nguruwe walipokwisha kukatwa, mikeka ilivuliwa ikapelekwa kwa Fusi, dada wa baba yake Sateki. Fusi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, na siku ile aliketi juu kuliko watu wote. Baba wa bwana harusi alikaa chini yake na kunyamaza, kama inavyompasa kaka mbele ya dada. Lesieli alipoona mkeka ule unawekwa mapajani mwa Fusi, akaanza kulia.

"Unalilia mkeka au unamlilia mama yako?" Fusi alimuuliza.

"Vyote viwili."

"Mama yako yuko nyumba ya tatu kutoka hapa. Mkeka utakuwa nyumba ya tano. Hebu pangusa kamasi, usinichafulie."

Na ni kweli haukwenda mbali. Ulikaa kwa Fusi miaka kumi na miwili, ukaenda kijiji cha Lapaha kwenye harusi, ukarudi Kolonga kwenye msiba, na mwaka 1983, Sateki alipozikwa, wajukuu wa Fusi wakaupandisha kwenye kibaraza cha Lesieli, umeviringishwa kama ulivyotoka. Alikaa nao siku nzima bila kuufungua. Mkeka wa aina ile hutoka na hurudi, na kisiwa chenyewe si kikubwa. Tangu hapo alijua kwamba siku moja utatoka tena na binti mmoja wa kaka yake, uzunguke unakozunguka, halafu mtu ataurudisha kumfunika yeye Lesieli siku yake ikifika.

Lesieli hakujaaliwa mtoto. Watoto wa kaka yake Moleni ndio waliokuwa wake, na hakuna aliyemuuliza kwa nini anaingia jikoni kwao na kuchukua anachotaka, maana ni haki ya shangazi. Kalolaine alikuwa kitinda mimba. Alisomea uuguzi, akapata kazi kwenye zahanati, na mwaka 2009 akatangaza kwamba anaolewa na Zhihao, mtoto wa dukani.

Zhihao aliletwa Kolonga kutoka Uchina akiwa na miaka sita. Alikuwa akizungumza kama vijana wa pale, matusi yao akiwa nayo yote, na aliwahi kuvunjika pua akiichezea timu ya raga ya kijiji. Baba yake, Mzee Weng, hakuwa mtu wa maneno. Mama yake, Xiuqin, alikuwa amesimama nyuma ya wavu wa duka lile miaka ishirini, akiuza sukari, samaki wa kopo na viberiti, na akijua nani anasafiri na nani mgonjwa kuliko hata mke wa mchungaji.

Hakuna aliyempinga Zhihao. Shida iliingia siku Kalolaine aliposema, wakila shelisheli jikoni kwa Lesieli, "Shangazi yake anakuja kutoka Uchina. Dada wa baba yake. Anaitwa Meizhu."

"Vizuri," alisema Lesieli. Kisha akaacha kutafuna.

Bibi harusi akivuliwa, mkeka ni wa shangazi wa bwana harusi. Na shangazi wa bwana harusi huyu angepanda ndege na kurudi kwao Fuqing.

Silia, mke wa Moleni, alikuwa ameshaliwaza hilo kabla yake.

"Wifi, mpe mpya," alisema. "Ule niliousuka mwaka juzi, wenye nyuzi za rangi. Mchina anapenda kitu kipya. Ukimpa hicho kikuukuu atadhani umempa cha kupangusia miguu."

"Kalolaine avae nini?"

"Avae huo wako. Tukimvua, mbele ya huyo mama tunaweka mpya. Nani atajua?"

"Kolonga nzima itajua."

"Kolonga nzima ni ndugu zetu."

Lesieli alitamani kumkemea, lakini wazo lenyewe lilikuwa limempitia usiku wa jana yake, tena kwa maneno hayo hayo.

Wiki mbili kabla ya harusi Xiuqin alivuka barabara na mfuko wa machungwa madogo, kumi na mawili, maana hakutaka idadi isiyogawanyika kwa mbili. Aliketi chini, miguu kaikunjia upande mmoja, kama alivyojifunza zamani. Mkeka ulikuwa umetandazwa upate hewa, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye tundu.

"Dada Lesieli, huo umetoboka."

"Tangu sijazaliwa."

"Kwetu bibi harusi havai kilichochanika. Kila kitu kipya, kila kitu chekundu, kila kitu jozi."

"Kwetu anayevaa kipya kitupu ni yule asiye na watu nyuma yake," alisema Lesieli. "Mkeka usio na kiraka umemfunika nani?"

Xiuqin alifikiri. "Avae," alisema mwisho. "Lakini nyeupe msilete. Shuka nyeupe, maua meupe, msilete kabisa. Hiyo ni ya msiba."

"Msiba ni nyeusi, Mama Zhihao."

"Miaka ishirini nawaona mkienda na nyeusi hadi benki. Sikuwahi kusema neno."

Wakacheka wote wawili. Wakakubaliana hivi: asubuhi chai juu ya duka, kwa taratibu za kina Weng, na wa Kolonga wasibishe, baadaye kanisa, mikeka na karamu, kwa taratibu za Kolonga, na kina Weng wasibishe. Kwenye nguruwe hawakuchukua hata dakika, kila upande ulimtaka mzima, wa kuokwa. Xiuqin aliongeza tu kwamba angemletea Silia mguu mmoja wa nguruwe, wa kumshukuru kwa kumlea binti.

"Mguu mmoja?" Lesieli alishtuka. "Mama Zhihao, watu watasema duka limefilisika. Lete wanne wazima."

"Nitaleta mguu," alisema Xiuqin, "na wanne wazima."

Asubuhi ya harusi chumba cha juu ya duka kilijaa. Makatoni ya maziwa ya kopo yalikuwa yamesukumwa ukutani na kufunikwa kitambaa chekundu, na karatasi nyekundu zimebandikwa kila mlango. Lesieli aliketi upande wa wageni kwa gauni jekundu aliloshonewa kwa amri ya Xiuqin. Silia alimwambia anafanana na sanduku la posta.

Kalolaine aliingia kavaa nyekundu, nywele zimebanwa juu, akapiga magoti. Kikombe kidogo kwa mikono miwili, chai tamu yenye tende nyekundu ndani. Alianza na Mzee Weng, kisha Xiuqin, kisha baba mkubwa aliyetoka Auckland na mkewe, kisha wengine kwa kufuatana. Kila mmoja alikunywa kidogo, akatoa bahasha nyekundu, akasema neno. Lesieli alitazama goti likipinda na kunyooka, likipinda na kunyooka. Siku yake yeye walimvimbisha mpaka asiweze kuinama mbele ya mtu yeyote. Huyu anainamishwa mbele ya kila mmoja. Lakini uso wa Kalolaine ulikuwa ule ule aliokuwa nao yeye katikati ya chumba mwaka 1958, uso wa mtu anayetazamwa na watu wengi kuliko waliomo ndani.

Kisha Lesieli akaanza kumtafuta shangazi wa bwana harusi. Alitazama viti vya mbele, hakumwona. Akatazama vya nyuma. Mwisho akamwona kwenye kigoda, mlango wa jikoni, mwanamke mdogo mwenye sweta ya kijivu, akimenya mayai yaliyochemshwa.

Alimvuta Zhihao mkono. "Yule ndiye Meizhu?"

"Ndiye."

"Mbona yuko jikoni?"

"Anasaidia."

"Shangazi wa bwana harusi anamenya mayai!" Sauti ilimtoka kuliko alivyotaka. Watu wakageuka.

"Shangazi, taratibu, nakuomba," Zhihao alinong'ona. "Mlisema hamtabisha. Kwetu mwanamke akishaolewa si wa nyumba ile tena. Siku alipotoka kwa babu walimwaga beseni la maji mlangoni nyuma yake. Maana yake ameshakwenda."

"Nani aliyemwaga?"

"Babu mwenyewe. Ni desturi tu, hakuna ubaya."

"Na leo chai hapewi?"

"Anapewa. Mwishoni."

Lesieli akahesabu. Waliomtangulia walikuwa kumi na mmoja. Zamu ya Meizhu ilipofika, alipangusa mikono kwa haraka kwenye sweta, akapokea kikombe akiwa nusu amesimama, akanywa, akatoa bahasha yake, akatabasamu kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake, akarudi kwenye mayai. Hakuna aliyekuwa amemdharau. Xiuqin alimwekea hata kipande cha keki pembeni. Walikuwa wamezoea tu kumpita.

Lesieli alikaa na mikono yake mapajani. Katika maisha yake yote hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo dada wa baba si mtu wa kwanza. Alimkumbuka Fusi na makelele yake, Fusi aliyeingia nyumba ya kaka yake akaondoka na sufuria bila kuaga. Alimkumbuka Sateki, jinsi alivyokuwa akishusha sauti Fusi akipita barabarani. Kumdanganya Fusi kungekuwa ujanja wa kuchekesha, na Fusi angeugundua kabla ya jua kuzama na kijiji kizima kingemsikia. Huyu wa kwenye kigoda angepokea chochote na kushukuru. Na hilo ndilo lililomchoma.

Mchana, baada ya kanisa, Kalolaine alikuwa amefungwa kama inavyotakiwa, anatembea kwa hatua za kuku, na mkeka mkuukuu juu ya vyote. Chini ya hema wanawake wa Kolonga walikuwa wamepandanisha mikeka hadi ikafika urefu wa kiti. Wawili wakaenda kumshika Meizhu mikono wakamleta. Alipofahamu wanataka akae pale juu, alikataa kabisa. Alimwonyesha Xiuqin kwa kidole, kisha Mzee Weng, kama mtu anayewaelekeza waliopotea njia.

Xiuqin ndiye aliyeinuka. Alimwendea wifi yake, akamwambia maneno kwa lugha yao, akamkandamiza mabega mpaka akakaa. Kisha yeye mwenyewe akaketi chini, kando ya mumewe.

"Umemwambiaje?" Moleni aliuliza.

"Nimemwambia hapa si dukani kwangu," alisema Xiuqin.

Lesieli alifungua kamba kiunoni mwa Kalolaine. Nyuma yake Silia alikuwa ameushika ule mpya, nyuzi zake za rangi zikining'inia.

"Wifi," Silia alimfinya. "Sasa. Nipe huo."

Lesieli aliuchukua mkeka mkuukuu kwa mikono miwili, akampita Silia, akaulaza mapajani mwa Meizhu.

"We Lesieli!" Silia alisema kwa meno yaliyofungwa. "Una wazimu? Utazikwa na nini?"

"Na huo wako wenye rangi. Si ulisema mzuri?"

Meizhu alitazama chini. Aliona viraka. Akaona tundu, akapitisha vidole vyake vinne, vikatokea upande wa pili. Lesieli alisubiri aone uso ule ukikunjamana. Badala yake Meizhu aliinuka, akaukung'uta mkeka mara moja, akaanza kuukunja pembe kwa pembe, kama watu wanavyokunja blanketi.

Wanawake wa Kolonga wakapiga kelele kwa pamoja. Mkeka wa umri ule ukikunjwa pembe, unakatika. Lesieli alikuwa chini kwa magoti yake ya miaka sabini kabla hajajua amefikaje.

"Siyo hivyo, mama, siyo hivyo! Unazungushwa. Hivi. Polepole. Shika huko."

Meizhu hakuelewa neno, lakini mikono ilielewa. Alipiga magoti upande wa pili, wakauviringisha pamoja kutoka pande mbili, na walipofika kwenye kiraka cha kati Meizhu akasimamisha. Alikisugua kwa kidole gumba, akasema kitu.

"Anasemaje?" Lesieli alimuuliza Zhihao.

"Anauliza nani alishona hapa. Anasema ni mkono mzuri. Yeye alikuwa fundi wa nguo kiwandani, miaka thelathini."

"Mwambie ni bibi yangu, Siutiti."

Meizhu akaonyesha tundu, akauliza tena. Zhihao alicheka kabla ya kutafsiri. "Anasema, mbona hapa hamkushona?"

"Mwambie tangu vita vya kwanza vya dunia tunabishana ni zamu ya nani."

Meizhu alipotafsiriwa maneno hayo alicheka, mkono mdomoni, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Kisha akacheka zaidi, kisha Lesieli akaona hacheki tena, analia, na Xiuqin akatazama pembeni kumpa nafasi. Mwisho alisema maneno machache, akimtazama Lesieli.

"Anasema," Zhihao alitafsiri, "tangu atoke kwao, hajawahi kupewa kitu nyumbani kwa kaka yake kabla ya mtu mwingine."

Siku kumi baadaye Meizhu alikuwa anaondoka. Lesieli alivuka barabara mapema, gari la Moleni likiwa tayari nje ya duka. Siku zote hizo hakuwa amelala vizuri. Hakujuta, ila kila alipofumba macho aliuona mkeka ndani ya kabati la nyumba asiyoijua, na baada ya miaka ishirini mtu anafungua kabati na kuuliza, hiki kitambaa kibovu ni cha nini.

"Zhihao, leta karatasi," alisema. "Andika kwa maandishi yenu."

"Niandike nini, Shangazi?"

"Waliovaa. Na waliopokea. Wa mwanzo tunayemjua ni Lupe, wa visiwa vya Ha'apai. Andika. Kisha Siutiti, aliyeshona. Kisha Ilaisaane, mama yangu. Kisha mimi. Kisha Fusi. Kuna wa Lapaha pale katikati, jina lake silikumbuki, andika mwanamke wa Lapaha. Kisha Kalolaine."

Zhihao aliandika, akiyakata majina vipande vipande ili yaingie kwenye maandishi yale. Ilaisaane peke yake alikula mstari mzima. "Na yeye je?" aliuliza, akimwonyesha shangazi yake kwa kidevu.

"Mwandike hapo chini ya Kalolaine. Ana wajukuu wa kike?"

"Wawili."

"Basi usijaze karatasi. Acha nafasi."

Meizhu aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Alivaa miwani, akaanza kuyasoma majina kwa sauti, taratibu, akiyapandisha na kuyashusha mahali ambapo hayakuwahi kupandishwa. Lupe alitoka vizuri. Siutiti alichechemea. Kisha Lesieli akasikia jina lake mwenyewe, la kigeni kidogo, baada ya la mama yake na kabla ya la Fusi, na kwa nukta moja akawa yuko tena katikati ya kile chumba, kamba inakazwa, mafuta yananukia, na wote waliotajwa wamesimama hai.

Nje Moleni alipiga honi.

"Mwambie asubiri," alisema Lesieli. Aliinama juu ya karatasi, akaweka kidole kwenye mstari mrefu asioweza kuusoma. "Mama yangu hajakaa sawa. Ilaisaane. Mwambie arudie."

"I-lai-sa-ne," alisema Meizhu.

"Vuta hapo mwisho. Ilaisaane."

Honi ikapigwa tena. Meizhu alirekebisha miwani, akavuta pumzi, akaanza upya kutoka kwa Lupe.